Farasi saba kwa uso wa mwanamuke

Filme mupya za cow-boy zinasema zinahukumu ukatili. Tuziangalie vizuri: nani anapigwa, nani analipwa, na nani anaulizwa?

Mwanamuke wa kazi ya nganda anakatwa uso kwa kisu. Kosa lake ni moja tu: alimucheka mwanaume chumbani. Mwenye kisu ni cow-boy, na mwenzake alikuwa naye pale. Sherifu anaitwa usiku, anakuja, anataka kwanza kuwapiga fimbo. Alafu mwenye nganda anamuonyesha karatasi ya kontra: yeye njo alilipa feza za kumuleta yule mwanamuke toka Boston, na sasa, na makovu usoni, nani atamulipia tena? Sherifu anafikiri kidogo, anakata maneno. Yule wa kisu ataleta farasi tano, mwenzake ataleta mbili. Farasi saba. Kwa nani? Kwa mwenye nganda. Mwanamuke mwenyewe analala kitandani na bandeji, hakuna anayemuuliza kitu.

Hivi njo inaanza Impitoyable, filme ya Clint Eastwood ya mwaka 1992. Wengi wetu tuliiona ku televizyo ama ku DVD, na wengi tunakumbuka tu mwisho wake: mvua, usiku, muzee mwenye bunduki anaingia mu nganda. Lakini filme yote inatoka mu ile hukumu ya farasi saba. Tunaomba wasomaji wetu, wababa wa kazi na wamama wa nyumba, tuzungumuze leo juu ya ile hukumu, na juu ya filme zingine za ukoo wake. Kuko ubishi mukubwa juu yao. Wamoja wanasema: hizi filme zimesahihisha uongo wa zamani, zinaonyesha ukatili jinsi ulivyo. Wengine wanasema: hapana, zinauza damu, na wanamuke njo wanalipa bei. Tunafikiri kila upande iko na kitu cha kweli.

Cow-boy alifikaje kwetu

Hii si habari ya wageni tu. Wakati wa ukoloni, mu kambi za wafanyakazi, filme zilionyeshwa inje usiku, kitambaa cheupe kimetundikwa, watu wazima na watoto wamekaa chini. Wabelgiji waliweka komisio ya kuchuja filme ambazo watu weusi waliruhusiwa kuona, juu waliogopa zitafundisha watu kudharau wazungu. Lakini cow-boy alipita. Farasi, kofia, bastola: vile vitu havikuhitaji mutafsiri.

Ku Kinshasa, wakati ule Léopoldville, mambo yalienda mbali zaidi. Mu miaka ya 1950 vijana wa cité walijiita ba Bill, juu ya Buffalo Bill. Walivaa kama cow-boy, wakagawanya mitaa, wakatunga luga yao, Hindubill. Mwana-historia Didier Gondola alitosha kitabu juu yao mwaka 2016, na anaonyesha jambo ambalo wazee hawapendi kusema: ule uanaume wa sinema ulikuwa na mwathirika wake, na mwathirika alikuwa musichana. Kijana alitaka kuonekana mwanaume, na njia moja ya kuonekana ilikuwa kukamata wasichana wa mutaa mwengine kwa nguvu. Tusiseme filme njo ilileta ubakaji. Ubakaji ulikuwako mbele ya sinema. Lakini filme iliwapa vijana nguo ya kuvalisha lile tendo, wakaliita ushujaa.

Kwa hiyo swali kama cow-boy wa sinema anatendea vipi wanamuke si swali la waprofesa peke yao. Ni swali la nyumbani.

Filme za zamani, na kwa nini zilibadilika

Mu Hollywood, toka 1934 mupaka 1968, kulikuwa kanuni kali ya kuchuja filme. Mutu akipigwa bastola, anaanguka tu. Damu haionekani. Cow-boy mwema anashinda, mubaya anakufa, ba Indien, ni kusema wenyeji wa kwanza wa Marekani, wanaanguka toka ku farasi kama maembe. Mwanamuke iko wa namna mbili: mwalimu wa shule mwenye gauni jeupe, ama mwimbaji wa nganda mwenye moyo muzuri ambaye karibu kila mara anakufa mbele ya mwisho, ili cow-boy aoe mwalimu.

Njo maana kulikuwa uongo wa aina mbili. Uongo wa kwanza: kuua hakuumizi. Wa pili: inchi ilikuwa tupu, wazungu waliikuta bila mwenyewe.

Tupime na mufano mumoja. La Prisonnière du désert ya John Ford, ya mwaka 1956, wengi wanaihesabu kati ya filme kubwa zaidi za cow-boy. Ni habari ya mwanaume anayetafuta kwa miaka mutoto wa ndugu yake aliyechukuliwa na Wacomanche. Anamutafuta si ili amurudishe nyumbani, ila ili amuue, juu anaona amechafuka kwa kuishi na wale watu. Ford alikuwa na akili ya kuonyesha kwamba yule mutu ni mugonjwa wa chuki. Lakini mu filme ile ile kuko mwanamuke wa Kiindien, jina lake Look. Kijana mumoja anafikiri amenunua blanketi, kumbe amepewa bibi. Usiku yule mwanamuke anakuja kulala karibu naye, kijana anamupiga teke, anabingirika chini ya kilima, na filme inataka tucheke. Kisha Look anakutwa amekufa mu kijiji ambacho maaskari wa Marekani walishambulia. Hapo filme inataka tuhuzunike. Teke na maiti, mwanamuke ni yule yule. Ubishi wetu wote unaanzia pale: filme inaweza kuhukumu ukatili mukubwa kwa mukono mumoja, na kwa mukono mwengine kuchekea ukatili mudogo.

Kanuni ile ya zamani ilikufa 1968, wakaweka mahali pake mupango wa kupanga filme kwa umri wa watazamaji. Wakati ule ule vita ya Vietnam ilikuwa inaingia mu nyumba za Wamarekani kila jioni kwa televizyo. Watu waliona maiti za kweli, kisha wakaenda ku sinema kuona maiti zisizo na damu. Haikuwezekana tena.

Peckinpah na picha za polepole

Mwaka 1969 Sam Peckinpah alitosha La Horde sauvage. Mwanzoni watoto wanacheka, wametia nge mu siafu, kisha wanachoma vyote kwa moto. Wanyang'anyi wazee wanaingia mu muji kuiba feza za kompani ya treni. Ile kompani imeficha wawindaji wa watu juu ya nyumba. Kati yao unapita mukutano wa wababa na wamama wa dini wanaoandamana kupinga pombe. Masasi yanaanza, na wengi wanaokufa ni wale wa kupita njia.

Peckinpah alitumia kamera nyingi, zingine za mwendo wa haraka na zingine za polepole, ili kila mutu anayeanguka tumuone anaanguka kweli, na damu yake. Alijitetea: nataka watu waone kuua ni jambo baya, wachoke. Na kweli wengine walitoka mu sinema kwa kuchukizwa. Lakini wengine walipenda, walirudi kuona tena. Ile njo shida ya picha za polepole: zinafanya kifo kionekane sawa ngoma. Mutu anayejua kazi ya shimo anajua vizuri kwamba aksida ya kweli haiko polepole na haina uzuri. Inapita kwa kufumba jicho, kisha kinabaki kimya na harufu ya vumbi.

Na wanamuke wa filme ile? Angel, kijana wa lile kundi, anamuona muchumba wake wa zamani, Teresa, amekaa juu ya magoti ya jenerali Mapache. Anamupiga sasi. Maaskari wanashika bunduki, wanafikiri ni jenerali alitaka kuuawa. Wanapoelewa kwamba aliyelengwa ni musichana tu, hasira inapoa, watu wanacheka, na kisha wanapanga biashara ya kuiba bunduki. Mu vita ya mwisho mumoja wa wale wanyang'anyi anashika mwanamuke mbele yake kama ngao. Mukubwa wao, Pike, anamukuta mwanamuke mu chumba, anamuacha, yule mwanamuke anamupiga sasi mugongoni, Pike anamutukana na kumuua.

Watetezi wa filme wanasema: Peckinpah anatuonyesha dunia ya wanaume waliooza, si kwamba anawasifu. Tunakubali nusu. Pike na wenzake wanakufa na heshima yote: wamepigwa picha wanatembea wane pamoja, kifua mbele, na mwisho wanacheka tena mbele yetu. Teresa hapewi hata neno moja la kueleza kwa nini aliacha kijiji chake na kwenda kwa jenerali. Pengine alikuwa na njaa. Filme haimuulizi.

Damu ya Sand Creek

Mwaka wa nyuma yake, 1970, Ralph Nelson alitosha Le Soldat bleu. Mwisho wake ni mauaji ya Sand Creek, mu Colorado, tarehe 29 mwezi wa 11 mwaka 1864. Ile ni historia ya kweli. Kolonele John Chivington na maaskari wake walishambulia kijiji cha Wacheyenne na Waarapaho, ambapo mufalme Black Kettle alikuwa ametundika bendera ya Marekani na kitambaa cheupe, juu aliahidiwa amani. Walikufa watu zaidi ya 150, na wengi walikuwa wanamuke, watoto na wazee. Maaskari walikata maiti. Komisio za Congress zilichunguza 1865 na kulaani tendo lile, lakini Chivington hakuhukumiwa. Kapiteni mumoja, Silas Soule, alikatalia watu wake kupiga masasi, kisha akatoa ushuhuda. Mwezi wa 4 mwaka ule ule alipigwa sasi mu barabara ya Denver, akafa.

Filme ilitoka miezi michache kisha Wamarekani kusikia habari ya My Lai, kijiji cha Vietnam ambapo maaskari wao waliua watu wa raia mu mwezi wa 3 wa 1968. Watazamaji walielewa mara moja. Lakini angalia namna mauaji yanavyopigwa picha. Kamera inakaribia wanamuke wa Cheyenne wanaovuliwa nguo, wanaobakwa, wanaokatwa. Wale wanamuke hawakuwa na jina mu filme mbele ya kufa. Tulikaa karibu saa mbili na mwanamuke muzungu na askari kijana wanaopendana njiani. Wanamuke wa Cheyenne tumewajua dakika za mwisho tu, na tumejua miili yao.

Hapa njo tunapata kipimo cha kwanza. Kuonyesha ukatili kwa ukweli si kosa. Ukificha Sand Creek, unamusaidia Chivington. Lakini mutu ambaye filme inamuonyesha akifa tu, bila kumuonyesha akiishi, filme imemutumia. Arthur Penn, mwaka ule ule, mu Little Big Man, alifanya vizuri zaidi. Yeye vilevile alionyesha maaskari wakishambulia kijiji cha Wacheyenne kando ya muto Washita, lakini tulikuwa tumekaa na wale watu mu mahema yao, tumecheka nao, tumemuona Sunshine akizaa. Akipigwa sasi akikimbia na mutoto mugongoni, tunamulilia mutu tunayemujua.

Muji wa mine ambao ulinyamaza

Sasa tuje karibu na mambo yetu. Filme mbili za wakati ule zinapita mu miji ya mine.

Ya kwanza ni L'Homme des hautes plaines, ya 1973. Eastwood mwenyewe njo aliitengeneza na kucheza. Muji unaitwa Lago. Watu wake wako na siri: sherifu wao wa zamani alivumbua kwamba kompani inachimba mu udongo wa serikali, akataka kusema. Wakubwa wakalipa watu watatu kumupiga fimbo mu barabara mupaka kufa. Muji wote uliangalia, ukanyamaza, juu mushahara wa kila mutu ulitoka mu lile shimo. Filme chache za Hollywood zimesema vizuri namna ile jinsi feza ya kompani inavyoweza kufunga kinywa cha watu wote.

Lakini mbele hata dakika ishirini kupita, yule mugeni anayekuja kulipiza, na ambaye tunatakiwa kumupenda, anamukokota mwanamuke, Callie, mu nyumba ya farasi na kumulala kwa nguvu. Kwa nini? Juu alimugonga njiani na kumutukana. Filme inaonyesha kwamba mwisho yule mwanamuke anafurahi. Callie anaenda kwa wakubwa wa muji kushitaki, wanamukatalia, juu wanahitaji bastola ya yule mugeni. Kisha anakuja na bunduki kumuua, na filme inamufanyia muzaha: labda amekasirika juu hakurudiliwa.

Tufikiri hapo. Sherifu aliyepigwa fimbo, muji ulinyamaza: filme inasema ile ni zambi kubwa, muji unastahili kuchomwa. Callie alibakwa saa ya muchana, muji ulinyamaza vilevile: filme inasema ile ni chekesho. Zambi ni moja, hukumu ni mbili. Mutetezi atasema yule mugeni si mutu, ni roho ya kulipiza, na wote wa Lago ni wabaya. Tunamujibu: hata jehanamu, wababa wa filme ile waliiweka kwa mizani miwili.

Kompani inataka zinki

Filme ya pili ni John McCabe, ya Robert Altman, ya 1971. Muji unaitwa Presbyterian Church, mu kaskazini ya magaribi ya Marekani. Matope, teluji, wanaume wa mine wasio na bibi. McCabe, mucheza karata, anafika na mawazo ya biashara: analeta wanamuke watatu na kuwaweka mu mahema. Hakuna choo, hakuna maji ya moto, na mara moja mumoja wao anashika kisu na kumurukia muteja. McCabe hajui la kufanya. Ananunua na kuuza, lakini watu anaowauza hawajui.

Kisha anafika Bibi Miller, Mwingereza, Julie Christie njo alimucheza. Anakula kwa njaa mbele yake na kumwambia wazi: wewe hujui kazi hii. Mwanamuke akigonjwa, utafanya nini? Akichukua mimba? Unajuaje muteja ni musafi? Anaomba nyumba ya kweli, yenye kuoga, na usawa mu faida. Hakuna filme ya cow-boy ya mbele yake ambayo ilizungumuzia kazi ile kama kazi, na hatari zake, na hesabu zake. Wale wanamuke wanaoga, wanaimba, wanafanya sikukuu ya kuzaliwa. Wako watu.

Lakini Altman hadanganyi kwamba ni maisha muzuri. Bibi Miller anavuta opiamu mulango ukifungwa, na hata McCabe, aliyempenda, analipa kila mara. Kuko vilevile Ida, musichana aliyeletwa kwa barua kuwa bibi ya mwanaume mumoja wa pale. Siku moja mutu anafikiri Ida ni wa nyumba ile, anamukosea, bwana anapigana juu ya heshima, anaanguka, anakufa. Ida hana ndugu pale, hana feza. Anafanya nini? Anaenda kufanya kazi ile ile ambayo bwana alikufa akikana. Ma widow wa kambi za mine dunia nzima wanaelewa hii bila mufasiri: siku bwana anakufa, nyumba ni ya nani? Mushahara wa mwisho unakwenda kwa nani?

Na kompani? Inasikia kuko zinki. Inatuma wanaume wawili wa adabu na kofia, wanataka kununua kila kitu. McCabe anacheza kama mu karata, anataka wapandishe bei. Hawapandishi sana, wanaondoka, na mahali pao wanakuja wauaji watatu. Bibi Miller alimwambia mapema: hawa watu hawacheki. Yeye alielewa kompani kuliko wote. Mwisho McCabe anakufa peke yake mu teluji huku watu wote wanazima moto wa kanisa, hawajui hata kama kulikuwa vita. Hakuna muziki wa ushujaa. Kwa sisi, ile njo filme iliyohukumu ukatili kwa kweli, juu haikutupa hata kidogo cha kupiga makofi.

Turudi kwa farasi saba

Toka 1973 mupaka 1992 ni miaka 19. Eastwood wa Impitoyable si yule wa Lago. Maneno yaliandikwa na David Webb Peoples, na filme ilipata Oscar ine, kati yao ile ya filme bora na ya mutengenezaji bora. Gene Hackman, aliyecheza sherifu Little Bill, alipata yake.

Kisha ile hukumu ya farasi, wanamuke wa nganda wanakusanya akiba yao, mukubwa wao Alice njo anaongoza, wanatangaza dolari 1,000 kwa mutu atakayeua wale wawili. Alice anasema jambo la kawaida kabisa: sisi hatuko farasi. Sheria ilikataa kusikia, basi wananunua bunduki. Habari inatembea, na kwa kila kinywa cha mwanaume inaongezeka: alikatwa macho, masikio, vidole. Delilah, mwenye uso wa makovu, yuko muzima, anaona vizuri. Lakini wanaume wanahitaji habari kubwa kuliko yeye ili waone sababu ya kupanda farasi. Ile ni akili kubwa ya filme. Inatufunza kuogopa mutu anayesimulia mateso ya mwanamuke kwa utamu.

Inaonyesha vilevile kwamba kuua si kazi rahisi. Kijana anayepigwa sasi wa kwanza si yule wa kisu, ni mwenzake, ambaye alileta farasi muzuri mumoja zaidi kwa Delilah kama kuomba pole. Anakufa polepole, anaomba maji. Wa pili anauawa mu choo. Yule kijana aliyejisifu kwamba yeye ni muuaji anatetemeka, analia, anaacha bastola. Na Ned, rafiki mweusi wa muzee Munny, ambaye hakuua mutu, anapigwa fimbo na sherifu mupaka kufa.

Tunasifu, lakini tuseme na mapungufu. Kwanza: Delilah mwenyewe haulizwi. Siku yule kijana analeta farasi, uso wake unaonyesha amegusika, lakini wenzake wanarusha matope na kumufukuza. Hatujui kama Delilah alitaka watu wafe. Hasira ya Alice ni ya haki, lakini hata yeye alisema mahali pa mwenzake. Pili: bibi ya Ned, mwanamuke wa Kiindien, anaangalia bwana wake anaondoka, hasemi neno. Tatu: mwisho wa filme. Kisha kutuambia saa mbili kwamba kuua ni uchungu, Munny anaingia na kuua watu tano, na sinema nzima inafurahi. Anatoka akitisha muji wote kwamba atarudi kama watawaumiza tena wanamuke. Mulinzi wa wanamuke ni nani? Ni muuaji mulevi anayetoka usiku. Na kesho asubuhi, yeye ameenda, ni nani anabaki na wao? Karatasi ya kontra ingali pale pale.

Kamera ikikaa upande wa wanamuke

Mu miaka ya karibu, wanamuke wamoja walishika kamera wenyewe. Maggie Greenwald, mu La Ballade de Little Jo ya 1993, alichukua habari ya Josephine Monaghan, mutu wa kweli, aliyeishi Idaho amevaa kama mwanaume mupaka kifo chake mwaka 1904, njo watu wakajua. Mu filme anajikata uso mwenyewe kwa wembe, kusudi asiwindwe. Linganisha na Delilah: kovu la Jo ni bei ya kutembea bila hofu.

Kelly Reichardt, mu La Dernière Piste ya 2010, anaonyesha magari ya ng'ombe yamepotea mu Oregon mwaka 1845. Wanaume wanajadili mbali, kamera inabaki na wanamuke, na sisi kama wao tunasikia nusu-nusu. Maji yanakwisha, na wao hawana sauti mu shauri. Jane Campion alipata Oscar ya mutengenezaji bora mwaka 2022 juu ya The Power of the Dog, na pale hakuna vita ya bastola hata moja. Kuko mwanaume anayedharau bibi ya ndugu yake, siku kwa siku, kwa maneno na kwa kunyamaza, mupaka yule mama anaanza kujificha na chupa. Wengi watasema: ile si ukatili. Wamama wa kambi watajibu wenyewe.

Tunashauri nini

Hatusemi mufunge televizyo. Tunaomba tu, wakati filme inapita na watoto wamekaa pale, tuulize maswali matatu kwa sauti. Yule anayepigwa, alikuwa na jina na maisha mbele ya kupigwa? Kamera inamuangalia aliyepigwa, ama inamusifu anayepiga? Na kisha, malipo yamekwenda kwa nani?

Hili la tatu njo lenye kutuuma zaidi. Juu hukumu ya Little Bill haikubaki mu Wyoming ya sinema. Musichana anabakwa njia ya karieri, na jioni wazee wanakaa: mbuzi mbili, feza kidogo, kreti za bière, na maneno yamekwisha. Baba amepokea, mujomba amepokea. Musichana yuko mu chumba kama Delilah. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 juu ya ubakaji na jeuri ya namna ile haikubali kesi kumalizwa kwa kulipa amande. Sherifu wa kwetu, kama ni shefu wa kartye ama polisi, hana ruhusa ya kuhesabu farasi.

Mu filme, wanamuke walikosa sheria, wakanunua muuaji. Sisi sheria tuko nayo. Kinachobaki ni kwamba siku mutoto musichana anashitaki, baba yake asimame naye mupaka ku tribunali, na kama mutu anakuja usiku na mbuzi, arudi nazo.